Njia ya misafara haikuwa mshale wa kwenye ramani

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nisahihishe kosa moja lililozoeleka mpaka halionekani tena kuwa ni kosa. Kila inapoandikwa habari ya misafara ya kale ya kwenda bara, huchorwa ramani ya mishale mitatu: mmoja kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, wa pili kutoka Kilwa hadi Nyasa, wa tatu kutoka Pangani au Mombasa kuelekea Kilimanjaro na mbele yake. Mishale imenyooka kama uzi wa fundi mwashi. Mwanafunzi anaondoka akiamini kwamba palikuwa na barabara, na kwamba kazi ya mfanyabiashara ilikuwa kuifuata tu.

Hapakuwa na barabara. Palikuwa na kijia cha upana wa nyayo mbili, watu wakienda mmoja nyuma ya mwingine. Mti ukianguka juu yake hakuna aliyejisumbua kuukata. Wa kwanza anauzunguka, wote wanamfuata, na njia inabaki na kona hata mti ukishaoza. Masika majani yanaizika. Kiangazi yakichomwa inaonekana tena, pengine si palepale. Vilivyodumu ni vituo: kisima, kijiji chenye nafaka ya kuuza, kivuko, kambi. Kati ya kituo na kituo uamuzi ulifanywa upya kila safari, na ulifanywa kwa hesabu. Nitaieleza hesabu hiyo kwa njia ya kati, ya Bagamoyo, Unyanyembe (nchi ya Tabora) na Ujiji katika karne ya 19, kwa kuwa ndiyo iliyoachiwa kumbukumbu nyingi kuliko nyingine.

Tuanze na tumbo. Posho ya mpagazi ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, yaani kama robo tatu ya kilo, pungufu kidogo. Vibaba vinne ni pishi moja. Kwa hiyo msafara wa watu 100 unakula pishi 25 kila siku, wakiwa wanatembea au wamelala. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa frasila mbili, kama kilo 32. Sasa chukua pori la siku saba lisilo na kijiji. Pishi 175 zinahitajika, karibu kilo 480, na hiyo ni mizigo 15. Watu 15 kati ya 100 hawabebi pembe za ndovu wala nguo. Wanabeba chakula cha wenzao na chao wenyewe. Pori likiwa la siku 14, ni watu 30, na hapo faida imeanza kuliwa kwa maana halisi ya neno hilo.

Ndiyo sababu njia inapinda. Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, ndege angeruka kilomita 1,000 na ushei. Msafara ulitembea kama 1,200. Kilomita za ziada zilikwenda kutafuta vijiji. Njia ndefu yenye mtama wa kununua kila baada ya siku mbili ilikuwa rahisi kuliko njia fupi ya kujibebea. Hata muda wenyewe haukuwa na bei inayodhaniwa na msomaji wa leo, kwa sababu mpagazi aliyekwisha kulipwa sehemu ya ujira pwani hakuhesabiwa kwa saa. Alihesabiwa kwa kibaba, na kibaba kilinunuliwa kwa nguo.

Baada ya tumbo, koo. Sehemu mbaya kuliko zote kabla ya Ugogo iliitwa Marenga Mkali, maji machungu, nyika ya karibu kilomita 50 isiyo na kisima cha kutegemewa. Ukingoni mwake upande wa mashariki, baada ya Mpwapwa, kuna Chunyo, jina linalomkumbusha mtu wa pwani chunyu, ule ukavu wa chumvi unaobaki mwilini baada ya kuoga baharini. Maji ya Chunyo yalinyweka, lakini yaliwasumbua watu na punda matumboni. Majina ya njiani yalikuwa taarifa. Aliyesikia kwamba mbele kuna Ziwa alijua kuna bwawa. Aliyeambiwa Mgunda Mkali alijua anaingia pori.

Kilomita 50 kwa siku moja, mtu akiwa na kilo 32 begani, haziwezekani. Mwendo wa kawaida ulikuwa kuanza alfajiri na kupiga kambi saa nne au saa tano asubuhi, kilomita 15 hadi 20 zikiwa zimekatika. Kwa nyika kavu wakitumia mwendo huo wangelala mara mbili bila maji. Dawa yake iliitwa terekeza. Asubuhi msafara hauondoki. Watu wanapika, wanakula, wanakunywa mpaka basi, wanajaza vibuyu. Saa nane au saa tisa mchana, jua likianza kulegea, wanatoka na kutembea mpaka usiku uingie. Wanalala popote, bila maji na bila kupika cha maana. Alfajiri ya giza wanaondoka tena ili jua kali liwakute wamekaribia kisima cha upande wa pili. Usiku mmoja tu wa kiu, na jua la mchana mzima wanalikwepa mara mbili.

Terekeza iliharibika kwa namna zilezile kila mara. Mpagazi mgeni anamaliza kibuyu chake kabla ya magharibi. Msafara unachelewa kutoka kwa sababu ya ugomvi wa mizigo, kwa hiyo kesho jua linawakuta katikati. Au mkia unaachwa mbali na kichwa, na wa nyuma, akiwa na kiu na peke yake, anatua mzigo porini na kutoweka. Mzee wa msafara aliyejua kazi yake hakukaa mbele. Mbele alikuwa kirangozi, mwonyesha njia; yeye alifunga nyuma.

Na kisima nacho kina kipimo. Msafara mdogo uliogopa wanyang'anyi, kwa hiyo ulingoja Mpwapwa mpaka mwingine ufike, waingie Ugogo pamoja. Lakini kisima kinachowatosha watu 100 kwa jioni moja hakiwatoshi 600. Wa mwisho wanachota tope, au wanalala wakingoja maji yajikusanye tena. Usalama na maji vilivutana, na hapakuwa na kanuni moja ya kuvipatanisha: kiangazi kikianza, wingi ulikuwa salama, kikielekea mwisho, wingi ulikuwa hatari.

Hapo ndipo inapoingia hongo, yaani malipo ya kupita katika nchi ya mtu, ambayo nayo husimuliwa vibaya. Huandikwa kama unyang'anyi wa Wagogo. Visima vya Ugogo vilichimbwa na watu, vikazibuliwa kila mwaka na watu, na mifugo yao ilivitegemea. Msafara wa watu 300 ukinywa hapo siku mbili, kuna ng'ombe watakaokosa. Mtemi alidai malipo ya maji, ya kupita na ya kukaa, na nafaka ikauzwa mbali na hayo.

Mambo yalikwenda hivi. Msafara unapiga kambi nje ya kijiji. Watu wa mtemi wanakuja kutazama, na kutazama kwao ni kuhesabu: mizigo mingapi, bunduki ngapi, nani amevaa vizuri. Mwenye msafara anampeleka mtu wake anayejua kusema. Dai la kwanza ni kubwa mno, jibu la kwanza ni dogo mno, na pande zote mbili zinajua hivyo. Malipo yanatajwa kwa doti; doti ni shuka mbili, na shuka ni dhiraa nne. Aina ya nguo inabishaniwa kama idadi yake: merikani, ile nguo nyeupe nzito iliyopewa jina la nchi ilikotoka, au kaniki, au nguo ya rangi yenye tarazo ambayo mtemi anaitaka kwa ajili yake mwenyewe. Wakikubaliana, ngoma inapigwa au mtu anatangaza, na tangu hapo hakuna wa kuwagusa.

Kosa la mgeni lilikuwa kukataa na kubishana siku tatu ili aokoe doti tano. Watu 100 kwa siku tatu ni vibaba 300, na vinanunuliwa kijiji hichohicho. Mtemi hakuwa na haraka. Mfanyabiashara mzoefu alijua ni siku ya ngapi ubishi unaanza kugharimu kuliko hongo yenyewe, akalipa siku moja kabla.

Kuikwepa hongo kuliwezekana kwa kupita porini, lakini ilikuwa kubadilisha gharama moja kwa nyingine: nguo unaziokoa, maji na chakula unavilipia kwa terekeza na mizigo ya nafaka. Kwa hiyo Ugogo palikuwa na njia zaidi ya moja sambamba, na kambi ziligawanyika kwa ubishi wa ipi ifuatwe. Wapagazi nao walikuwa na sauti. Wanyamwezi hawakuwa watu wa kuburutwa. Wengi walikuwa mabingwa wa kazi waliojua njia kabla ya tajiri wao kuzaliwa. Wakikataa njia, mizigo inabaki chini.

Majira yaliamua hata kabla ya mtu kutoka pwani. Masika, mto Kingani, yaani Ruvu, unafurika hatua chache tu kutoka Bagamoyo, na bonde la Makata linageuka kinamasi. Stanley, mwandishi wa habari aliyekwenda kumtafuta Livingstone, alitoka Bagamoyo Machi 1871, mvua zikiwa mlangoni, akaivuka Makata kwa tope na maji ya kufika kiunoni. Punda wakafa, watu wakaugua kuhara. Kiangazi bonde lilelile ni tambarare ngumu ya kupita bila hata kuikumbuka. Lakini ukichelewa sana, Septemba na Oktoba, mito imekauka vizuri na visima vya Ugogo navyo vimekauka. Dirisha zuri ni baada ya masika kukatika, Juni na Julai: mito imeshuka, mabwawa bado yana maji, na mavuno mapya yameingia ghalani kwa hiyo mtama ni rahisi. Wanyamwezi walilifuata dirisha hilo kutoka upande wao: wanavuna, wanashuka pwani na pembe, wanajitahidi kurudi kabla ya mvua za kulima. Aliyetaka wapagazi wengi kwa bei nafuu aliwapata Bagamoyo wakitaka kurejea kwao. Aliyewataka wakati wa kulima alijuta.

Kwa nini watu wabebe, wasitumie wanyama? Jibu ni ndorobo, yaani mbung'o. Walijaa katika mapori ya njiani, na ng'ombe au farasi aliyeumwa nao alidhoofika na kufa. Punda alistahimili kidogo zaidi, kwa hiyo huonekana katika kumbukumbu, mara nyingi akiwa anakufa. Wamisionari walijaribu mikokoteni ya maksai kutoka Saadani hadi Mpwapwa mwaka 1876 na 1877, maksai wakaisha. Mwaka 1879, kwa gharama ya mfalme wa Ubelgiji, ndovu wanne kutoka India walishushwa Msasani ili wajaribiwe kubeba mizigo hadi ziwa Tanganyika. Nao wakaisha. Jambo hili linahusu njia moja kwa moja: mpagazi anaweza kupanda mlima, kuinama chini ya matawi na kuvuka gogo, kwa hiyo njia ya misafara haikutafuta mwinuko mdogo wala upana. Ilitafuta kisima na ghala.

Kuna jambo moja ambalo ramani haiwezi kulionyesha kabisa: njia ilichaguliwa dukani Unguja, siku ya kununua ushanga. Kila nchi ilikuwa na ushanga wake. Mweusi ulikuwa fedha Ugogo na takataka kwingineko. Sungomaji, ule mkubwa wenye umbo la yai, ulithaminiwa Ujiji na Uguha ng'ambo ya ziwa, na sehemu nyingine hukuweza kuununulia hata kuku. Samesame mwekundu ulikubalika pengi lakini ulikuwa ghali. Masango, yaani waya wa shaba, ulitakiwa zaidi kadiri unavyoingia bara. Mfanyabiashara alinunua kwa uwiano wa nchi atakazopita na siku atakazokaa kila nchi. Baada ya hapo kubadili njia ni hasara, kwa sababu mizigo mitano ya ushanga usiotakiwa ni watu watano wanaolishwa wabebe kokoto.

Ufungaji nao ulitabiri njia. Nguo zilikunjwa zikashindiliwa kuwa mtumba mrefu mwembamba, zikafungwa kati ya vijiti ambavyo ncha moja hutokeza kama panda. Mpagazi akipumzika anauegemeza mzigo kwenye mti, hautui chini, wala halazimiki kuuinua tena toka ardhini. Mtumba mwembamba unapita msituni. Masango yalining'inizwa pande mbili za mti, mtindo wa mzega, ambao porini hukwama kila hatua. Mwenye mizega mingi alikuwa na sababu ya kuchagua njia ya wazi.

Halafu kuna habari. Pwani na Unyanyembe, kazi ya kwanza ya mwenye msafara ilikuwa kuwauliza waliotoka alikotaka kwenda: mvua imenyesha wapi, nani anapigana na nani, ndui iko kijiji gani, mtemi yupi amefariki. Mtemi akifariki, mapatano yote ya hongo yanaanza upya. Ndui ikisikika, hata njia yenye maji na nafaka inaachwa.

Mfano ulio wazi ni wa mwaka 1871. Mtemi Mirambo wa Urambo aliifunga njia ya Tabora kwenda Ujiji kwa vita na Waarabu wa Unyanyembe, na jeshi lililotumwa kumwondoa likashindwa. Stanley, aliyekuwamo katika jeshi hilo, akaiacha njia ya kawaida. Aliondoka Septemba 20, akashuka kusini kupitia Ugunda na Ukonongo, nchi ambazo Mirambo hakuzifikia, kisha akageuka kaskazini mpaka mto Malagarasi. Hapo alilipa Wavinza wenye mitumbwi, kwa kuwa kivuko kina mwenyewe. Akaingia Uha na kukuta madai ya hongo yakifuatana, kila baada ya mwendo mfupi mkubwa mwingine. Alipoambiwa bado wako wengine mbele, alipiga hesabu ya nguo zilizobaki, akakodi kiongozi wa njia, akatoka kambini usiku wa manane kupita msituni mbali na vijiji. Kwa tarehe zake mwenyewe alifika Ujiji Novemba 10, baada ya siku 51. Angalia uamuzi ulivyofuatana: vita vimempeleka kusini, maji na kivuko vimemrudisha kaskazini, hongo imemtia porini. Mshale gani utachora hayo?

Sheria pia ilihamisha njia. Misafara hiyo ilibeba pembe, na ilibeba watu waliofungwa minyororo, hasa ya Kilwa. Soko la watumwa la Unguja lilipofungwa mwaka 1873 na doria za baharini zikakaza, misafara ya watumwa ikaanza kupelekwa kwa miguu kufuata pwani kutoka Kilwa kwenda kaskazini, njia ambayo kabla ya hapo haikuwa na maana kibiashara. Mwaka 1876 Sultani Barghash akaipiga marufuku hiyo nayo.

Njia ya Mombasa naipitia kwa haraka. Hesabu ni ileile, vipimo ni tofauti. Nyika ya Taru ilivukwa kwa kutegemea ngurunga, matundu ya mwambani yanayohifadhi maji ya mvua. Mvua ikikosa, au msafara mwingine ukitangulia, matundu ni matupu. Taveta ilikuwa mahali pa kupumzika na kununua chakula cha pori la mbele, kwa kuwa katika nchi ya Wamasai ungepata nyama ukiwa na bidhaa, ila nafaka hukuipata mpaka mbali, kama kwa Wanjemps wa Baringo. Kwa hiyo misafara ya huko ilikuwa mikubwa, na mizigo ya chakula ilikuwa mingi tangu mwanzo.

Niongeze kitu kimoja kidogo, kwa sababu kinaonyesha njia ilivyokuwa kazi ya mikono. Kirangozi akifika njia panda, alivunja tawi lenye majani akalilaza kwenye kijia kisichofuatwa, au alichora mstari wa kukikata kwa kisigino au kwa ncha ya mkuki. Njia hiyo imefungwa. Watu 200 waliotawanyika kilomita mbili nyuma yake wanasoma alama hiyo na hakuna anayepotea. Upepo ukipeperusha tawi, au wa mbele wakikanyaga mstari wakaufuta, mkia unaingia njia nyingine, na jioni inapita watu wakipiga bunduki hewani ili kutafutana.

Ombi langu ni dogo. Mara nyingine gazeti lako likichapa ramani ya njia ya kati, mishale itolewe na viwekwe vituo: Bagamoyo, kivuko cha Kingani, Makata, Mpwapwa, Chunyo, visima vya Ugogo, Mgunda Mkali, Tabora, kivuko cha Malagarasi, Ujiji. Kando ya kila kimoja paandikwe mwezi unaopitika. Kwa bonde la Mkondoa, kati ya Kilosa na Gulwe, mchoraji asihangaike kuutafuta mwezi huo katika vitabu vya kale. Reli iliyofika Kigoma mwaka 1914 ilipitishwa humo kwa kuwa treni haipandi mlima kama mpagazi, na kila masika makubwa, tuta linapochukuliwa na maji, gazeti lako ndilo linaloandika.

Msomaji wako,
Bagamoyo